Hita ya Mguu Usiokuwepo

Tongoni,
Ijumaa, 6 Juni 2025

Najat,

Akili zako umeziacha wapi? Nimekuagiza blanketi zito la huko milimani, umeniletea mlingoti. Jana Tadeo kasimamisha Fuso lake la kabichi mbele ya nyumba, kashusha dude la chuma refu kuliko mlango, kichwani limevikwa sinia, na mtungi wa gesi juu yake. Mtaa mzima umetoka kutazama. Bi Mwanahamisi kaniuliza, "Mnafungua hoteli?" Nimemwambia ndiyo, na yeye nimemwandika aoshe vyombo.

Salamu nitakupa mwishoni, kama hasira zitakuwa zimepoa.

Tanga hii, watu wanalala madirisha wazi, wewe unaniletea moto wa kuota nje. Tadeo kasema wazungu wa hotelini kwenu Lushoto wanakaa chini yake wakila chakula cha jioni. Sasa mimi ni mzungu? Najua utasema ni kwa ajili ya babu yako. Nilikwambia ana baridi, kweli nilikwambia, lakini baridi yake si ya hewa. Tangu walipomkata mguu mwezi wa pili, goti kushuka chini, anasema unyayo unaganda. Unyayo upi? Ule ule usiokuwepo. Anakaa barazani kwenye nguzo yake baada ya Alasiri, wenzake wamevaa fulana, yeye anatetemeka, anainama kuukanda, mkono unakanda hewa. Mimi natazama pembeni.

Sikumwambia hita imetoka kwako. Wewe maneno yake unayajua: mkono uliosaini nikatwe mguu sitaki kuuona nyumbani mwangu mpaka nife. Miezi minne sasa hajalitaja jina lako. Alikuwa akikuita mke wangu mdogo mchana kutwa mpaka mimi nachoka na uke wenza, sasa kimya. Basi nimemwambia kaleta Idarusi, rafiki yake. Idarusi mwenyewe alikuwa hapo anakunywa kahawa yangu, kaumeza uongo pamoja na kahawa. Babu yako kamshika mkono, kamwombea dua ndefu. Idarusi kaitikia amina kama mtu aliyelinunua kweli.

Usipige simu. Simu ya nyumba hii inalala chini ya mto wa babu yako, na akisikia sauti yako anakata. Andika, mpe Tadeo siku ya Alhamisi akishuka kwenda Pangani, na Ijumaa akirudi nitampa jibu. Macho ninayo, na darasa la nne nilimaliza.

Niambie dude hili linawashwaje kabla sijalianikia nguo.

Wa alaykum salaam, ingawa hujanisalimia.

Bibi yako,
Chiku binti Makame


Lushoto,
Jumatano, 11 Juni 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua nimeipokea pamoja na matusi yake, nimefurahi kwa vyote viwili.

Hita hiyo nimeichagua mimi mwenyewe, usidhani nimeokota. Mwenye hoteli alikuwa anabadilisha za zamani. Ilikuwepo ya umeme, ya kutundika ukutani, nikaiacha kwa kuwa umeme wa hapo naujua na barazani hakuna hata pa kuchomeka. Ilikuwepo ya mkaa, nikakihofia kifua cha Babu. Hii ya gesi haitoi moshi. Blanketi halileti joto, Bibi, linatunza joto ulilonalo, na Babu nikimkumbuka siku zile za mwisho hakuwa na joto la kutunza.

Kuiwasha ni hivi. Fungua mtungi taratibu. Chukua povu la sabuni ya kufulia, pakaza kwenye mpira pale unapoungana na mtungi. Likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja, funga na usiwashe. Likitulia, bonyeza kile kirungu cha pembeni ukigeuze kwenye nyota, ushikilie, kisha bofya kile kitufe cha cheche mpaka uone moto mdogo. Usiachie. Hesabu mpaka thelathini. Pale kuna kijiti cha shaba lazima kipate moto kwanza ndipo gesi ikubali kubaki. Ukiachia mapema unazima, na najua utaachia mapema.

Isikae chini ya makuti. Bibi, hili nalisema mara mbili, isikae chini ya makuti. Sinia lile linakuwa jekundu. Iweke uwanjani, mbali na paa, naye akae karibu yake.

Na isiingie ndani ya nyumba hata siku moja. Ni ya nje. Ndani inakula hewa yote, mtu analala asiamke, na hasikii harufu yoyote.

Nina swali moja. Umeshamwambia? Sikulazimishi. Nauliza tu.

Msalimie, bila kumwambia ni mimi.

Mjukuu wako,
Najat


Tongoni,
Ijumaa, 20 Juni 2025

Najat,

Umwambie aliyetengeneza hita hiyo kwamba hajawahi kuwa na miguu. Joto lote linamwagika kichwani. Babu yako upara unang'aa kama sufuria, anasema, "Naiva juu, nimebaki mbichi chini." Baridi yake iko unyayoni na wewe umemnunulia jua.

Lakini nikueleze tangu mwanzo.

Nilimwambia tukae uwanjani kwa ajili ya makuti. Kakataa. Kasema nguzo ile ya baraza ameiegemea tangu nyumba imejengwa, watu wakipita wanajua Mzee Sabiri yuko hapo, akihamia uwanjani atakuwa kama mgonjwa aliyetolewa kupunga upepo. Nikamwambia wewe ni mgonjwa. Hajasema nami mpaka Isha.

Basi kesho yake nimepanda ngazi. Usishtuke, mgongo wangu mzima kuliko wako. Nimeyatoa makuti yote juu ya nguzo yake, na fito nimezikata, ikabaki mbingu. Idarusi kashika ngazi huku anasema, "Shemeji, nyumba haivunjwi kwa ajili ya moto." Nikamwambia, "Moto wenyewe si umeleta wewe?" Siku hizi amekwisha kuamini kuwa kweli kaleta yeye. Anawaeleza watu alivyochagua.

Tukaiwasha. Nikaachia mapema. Nikaachia mapema tena. Mara ya tatu nimehesabu kwa tasbihi, thelathini na tatu, ikakubali. Haikukaa kitambo ikazima yenyewe, puu. Tukawasha, ikazima. Babu yako kasema ina jini. Nimetukana kila kitu chake.

Lakini pale katikati, ilipokuwa inawaka, Najat, babu yako kanyoosha mikono. Kafumba macho. Watu wanne walikuwepo, wakasogea nao, majasho yanawatoka, hakuna aliyejitoa. Wamekaa kwenye tanuri ile kwa heshima yake mpaka Idarusi kavua shati. Babu yako kacheka. Tangu hospitali sijamsikia kucheka.

Halafu kauliza, "Idarusi, hivi mguu wa mtu wanautupa wapi?" Idarusi kasema hajui. Kasema, "Wanachoma pamoja na pamba na mabomba ya sindano. Ningekuwa na fahamu zangu nisingekubali." Mimi nilikuwa namimina kahawa. Nimeimwaga.

Siku ile nilikuona unatoka hospitali na furushi jeupe kifuani, ukarudi magharibi pindo la baibui lina udongo. Sikukuuliza. Kuna mambo mtu akiuliza anajibiwa.

Sema kwa nini inazima. Na uniletee blanketi langu.

Chiku binti Makame


Lushoto,
Jumatano, 25 Juni 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Blanketi Tadeo analo, limo juu ya karoti.

Inazima kwa sababu baraza letu limeinamia uwanjani ili maji yatoke. Ndani ya hita mna kitu kinachokata gesi ikiinama, isije ikamwangukia mtu. Weka kibao chembamba chini upande wa uwanjani mpaka isimame sawa. Ikiendelea kuzima, fungua lile tundu dogo la moto wa kuanzia. Buibui wanapenda harufu ya gesi, wanajenga humo utando. Nimekutumia waya mwembamba wa kuzibulia, umo ndani ya bahasha. Chumvi ya hapo nayo itakila chuma, kwa hiyo kila asubuhi ikiwa imepoa ifute kwa kitambaa kikavu, na mara moja kwa juma ipakaze mafuta ya nazi miguuni, kidogo. Funga mtungi kila mkimaliza. Kuzima moto bila kufunga mtungi si kuzima.

Kuhusu joto kwenda kichwani sina dawa. Nimemuuliza daktari mmoja mgeni hapa hotelini, kasema mguu uliokatwa unaweza kuuma au kuona baridi miaka mingi, ubongo haujaambiwa kuwa haupo. Nimemuuliza dawa. Kaangalia chakula chake.

Sasa hili lingine. Mguu haukuchomwa. Nilimwomba mhudumu wa chumba cha upasuaji anipe. Nikauosha, nikaununulia kipande cha bafta kama sanda, nikaenda nao Tongoni makaburini, nikauzika karibu na mama. Nilichimba mwenyewe kwa jembe la kuazima. Sikuweka alama, niliogopa watu watasema mwanamke anafanya nini makaburini na jembe, na niliogopa Babu asije akakutana na kaburi lake mwenyewe kabla ya siku zake. Lakini pahali napajua. Hatua ngapi kutoka kwa mama, upande gani, napajua.

Bibi, mimi kwenye ile karatasi sikusaini. Nilikushikia tu, ukaandika jina lako lote, Chiku binti Makame, kwa herufi zako za kukaza. Daktari alisema asipokatwa leo kesho hayupo, na ulifanya vyema. Alipozinduka akauliza nani kasaini, ukatazama dirishani ukasema Najat. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa unatetemeka. Nikajua hasira yake ni ya siku mbili. Sasa imekuwa miezi.

Sidai kitu. Nataka nimwone akiwa hai.

Najat


Tongoni,
Ijumaa, 4 Julai 2025

Najat,

Barua yako nimeisoma, nikaitia jikoni, nikapikia chai.

Usinifundishe mimi nilichoandika na nilichosema. Mkono ni wangu, mdomo ni wangu. Wewe una miguu miwili ya kwendea, umekwenda, umepata kazi, unalala kwenye godoro la hoteli. Mimi akinifukuza nitakwenda wapi? Nina miaka hamsini na moja ndani ya nyumba hii. Kwetu Maramba wote walionijua wamekufa, na shamba wamelima wengine. Nilimtazama yule mzee na kile kishina chake kimefungwa bandeji, nikasema moyoni, huyu lazima amchukie mtu, na anayechukiwa asiwe yule anayemwogesha. Nani angemwogesha? Basi. Nimekwambia. Usiniulize tena.

Kibao nimeweka. Buibui nimewatoa, walikuwa na watoto. Mafuta nimepaka. Ilikaa siku tatu inawaka vizuri kama taa ya harusi.

Halafu mvua. Mwezi wa saba, mvua gani hii. Pale nilipotoa makuti maji yakamshukia kichwani kama amesimama chini ya bomba, sinia likawa linachemka na kufuka moshi, na mpaka tumemwinua na kiti chake ameloa mpaka mifupani. Idarusi anateleza, mimi nateleza, yeye anasema, "Niacheni, niacheni, msiniangushe na uliobaki."

Uliobaki, Najat. Dole gumba limeanza kuwa jeusi. Limeanza kama ule mwingine ulivyoanza. Nesi wa zahanati kaliangalia, kaandika karatasi ya kwenda mjini. Babu yako kaikunja karatasi kaiweka chini ya mto na simu.

Sasa hatoki. Amelala chumba cha mbele, mablanketi matatu na hilo lako la nne, meno yanagongana mchana kweupe. Anasema unyayo uko ndani ya maji. Ninaushika ule mzima, anasema si huo. Nashika shuka pale chini ya goti ambapo hapana kitu, nasugua godoro, nasugua, mwanamke mzima nasugua godoro, anasema, "Hapo, hapo, lakini mikono yako nayo baridi."

Sina kingine cha kufanya. Kesho hita inaingia ndani. Nimeshaziba madirisha kwa magunia upepo usiupige moto, na chini ya mlango nimeweka kanga. Najua umesema isiingie. Wewe uko Lushoto, mimi niko naye. Mtu anayeganda hafi kwa joto.

Chiku


Lushoto,
Jumamosi, 5 Julai 2025

Bibi,

Tadeo amenipa barua yako jana jioni. Nimeisoma nimesimama.

Nimempigia Mzee Idarusi papo hapo, akaacha chakula. Nimemwambia auchukue mtungi, asiuache hata mkilia. Kama amekuja na umemfukuza, nakuomba, mfungulie. Toa magunia. Toa kanga mlangoni.

Hita hiyo haina jini, ina moto, na moto unataka pumzi kama sisi. Nyie wawili na moto katika chumba kilichozibwa, hewa haiwatoshi watatu. Na hukohoi, hulii, unaona usingizi tu. Ungeona Babu ametulia, ukasema afadhali amepata joto, ukaketi karibu yake ukasinzia.

Mimi ndiye niliyeichagua. Nilisimama mbele ya hita tatu nikajiona nina akili, nikatafuta isiyo na moshi. Sikuwa na kingine cha kumpelekea. Kwenda mwenyewe sikuruhusiwa, nikapeleka chuma.

Usimwambie chochote, Bibi. Nimekubali. Akifa akinichukia na wewe unamwogesha, ni sawa. Lakini asife kwa mkono wangu. Hilo litakuwa kosa langu kweli.

Barua hii naipeleka kwa basi la asubuhi, mtu ataishusha mjini, Mabawa, dukani kwa ndugu yetu Tahera, naye ataileta.

Najat


Tongoni,
Ijumaa, 11 Julai 2025

Najat, mke mwenzangu,

Barua yako ya dukani imefika Jumatatu. Idarusi alikuwa amefika kabla yake, Ijumaa ile ile usiku haujaingia, anahema, kanzu kaivaa nje ndani. Sikungoja kesho, hita nilikuwa nimekwisha kuiingiza mlangoni, nusu yake ndani nusu nje, sinia limegoma kwenye kizingiti cha juu. Kaing'oa regulata ya mtungi bila kunisalimia, kaubeba mtungi begani, mzee yule, nikadhani atakufa yeye kwanza.

Babu yako kamwita kutoka kitandani. "Idarusi, zawadi yako unaichukua?"

Idarusi si mtu wa uongo, alikuwa kajifunza kwangu tu. Kasema, "Si yangu, Sabiri. Ya Najat. Kanipigia simu sasa hivi analia, anasema mtakufa." Kisha kaenda na mtungi wake, kaniacha na maneno yake.

Nilikaa kwenye kigoda cha kando ya kitanda. Babu yako kasema, "Kwa nini mtoto aliyenikata mguu aniletee moto?"

Najat, nilikuwa na uongo wa pili tayari mdomoni. Nilikuwa nao. Nikatazama dirishani kama siku ile, lakini dirisha nilikuwa nimelitia gunia.

Nikamwambia. Nikamwambia mimi nimesaini, jina langu lote, na kalamu ilikuwa ya buluu. Nikamwambia wewe ulinishikia karatasi tu. Nikamwambia kama ni kunifukuza anifukuze asubuhi nimeshamtengenezea uji.

Hakunitukana. Nilitaka anitukane. Alilala anatazama boriti. Baadaye kasema, "Mguu wangu walichoma?" Nikasema hapana, Najat aliuosha, akauvisha bafta, akauzika karibu na mama yake, binti yetu Rukia. Akaugeuza uso ukutani. Mabega yakawa yanakwenda. Mume wangu sikumwona akilia hata siku tuliyomzika Rukia mwenyewe.

Kisha kauliza, "Aliuelekeza kibla?" Nikamwambia, "Mguu hauna uso, mume wangu." Kasema, "Vidole. Vidole vinaelekea wapi?" Karudia mara tatu, vidole vinaelekea wapi.

Idarusi kaenda makaburini Jumapili na fimbo, kazunguka kaburi la mama yako, karudi anasema ni majani na mchanga tu, hajui. Babu yako kasema ndiyo maana uko ndani ya maji, upande ule maji ya bamvua yanapanda. Labda. Mimi sijui vitu hivyo. Kasema mguu ukionyeshwa ulipo utahamishwa juu, palipo pakavu, na yeye akifa alazwe hapo hapo, asikusanywe vipande vipande siku ya Kiyama.

Dole la pili nalo jeusi. Jumanne gari la Tahera limetupeleka mjini. Daktari amesema kukata, tena karibuni. Wakaleta karatasi. Babu yako kaisukuma kwangu, nimeirudisha. Nimesema safari hii simsainii mtu, anayo kalamu. Kaiweka mfukoni, tumerudi nayo. Kasema hatasaini kukatwa mguu wa pili hajui wa kwanza uko wapi. Nimembembeleza, nimemsema, nimenuna, nimeacha kula siku nzima. Idarusi kajaribu. Hakuna aliyemweza. Amelala na ile karatasi mfukoni, na dole linapanda.

Jana Alasiri kasema, "Mwite mke wangu mdogo." Mimi nilikuwa namkanda pale pasipo kitu. Kasema, "Wewe mkono wako acha, mwite yeye mwenye mkono unaojua."

Ningeweza kumpa Idarusi akupigie. Lakini mambo haya niliyaharibu kwa mdomo, nayatengeneza kwa mkono, huu huu uliosaini. Karatasi hii itunze. Mtu yeyote akikuuliza nani alisaini, mwonyeshe.

Hita ipo pale barazani, imesimama kwenye kibao chake, haina mtungi, nimeifunika kwa gunia nililotoa dirishani. Kutu imeanza shingoni. Makuti sijarudisha. Sijui nirudishe au nisirudishe, nangoja kujua kama atakaa tena pale.

Sasa sikiliza. Usingoje Alhamisi. Barua hii utaipata leo jioni. Kesho panda basi la kwanza, mjini chukua bodaboda, usisimame dukani kwa Tahera kusalimia. Uje na jembe lako mwenyewe, la kuazima sasa basi. Ukifika usizunguke uani kama mwizi, pita mlango wa mbele, mpe mkono kabla hujanipa mimi. Idarusi atakuwa na kiti tayari, wanaume wanne watambeba. Utangulie mbele, uhesabu hatua zako kutoka kwa mama yako kwa sauti, ili asikie, na ukifika usimame hapo hapo mpaka atoe hiyo karatasi mfukoni.